Joto la Bia, Si Joto la Friza: Niliyoyaona katika Kupika Laga Nyumbani

Wanaotaka kuanza kupika laga, bia nyepesi inayochachushwa kwenye baridi, huniuliza kwanza namba: ichachushwe kwa nyuzi ngapi? Huwajibu kwamba ni nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi, kisha huwaona wakiandika namba hiyo na kuondoka wameridhika, ilhali jambo lenyewe ndiyo kwanza linaanza. Namba hiyo ni ya kitu gani: ya hewa iliyomo ndani ya friza, ya ukuta wa ndoo, au ya bia yenyewe? Tena ni ya siku ya kwanza, au ya siku ya nane wakati sukari imekaribia kwisha? Katika miaka niliyopika laga nimeona kwamba mahali unapopima joto, na wakati unaolipima, vina uzito kuliko namba yenyewe. Aliyeyaweka sawa mambo hayo mawili anaweza kupitiliza nyuzi moja bila mnywaji kutambua.

Ninapikia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kwenye chumba kilicho chini ya nyumba, ambacho majira ya baridi hukaa kwenye nyuzi 14 hivi na majira ya joto hupanda hadi 21. Sheria ya shirikisho si kali kwa wapishi wa nyumbani: kwa mujibu wa sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter Oktoba 1978, iliyoanza kutumika Februari 1979, mtu mzima anaruhusiwa kutengeneza hadi galoni 100 za bia kwa mwaka bila kulipa kodi, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, yaani takriban litri 757, mradi wasiiuze. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na pombe ya kwanza niliyoiona ikitengenezwa ni mbege, kwa ndizi zilizochemshwa, ulezi uliooteshwa na magome ya msesewe yanayoitia uchungu; huachwa ichachuke kwa joto la siku lilivyo, na hunywewa ndani ya siku chache. Bibi zetu hawakuhitaji kipimajoto, kwa kuwa harufu za matunda na ukali unaoletwa na joto ni sehemu halali ya mbege. Laga haina pa kuvificha vitu hivyo. Imetengenezwa kwa kimea cheupe (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa), hopsi kidogo (maua yanayoitia bia uchungu) na maji mengi, na kila kosa la joto huonekana ndani yake kama doa kwenye kanzu nyeupe.

Hamira ya laga, ambayo wanasayansi huiita Saccharomyces pastorianus, ni chotara. Mzazi wake mmoja ni Saccharomyces cerevisiae, hamira inayojulikana kwa mkate na bia nyingi nyingine. Mzazi wa pili, Saccharomyces eubayanus, anastahimili baridi, na alitangazwa mwaka 2011 baada ya kupatikana kwenye miti ya misitu ya Patagonia nchini Ajentina. Wapishi wa Ulaya waliitumia hamira hii kwa karne kadhaa bila kujua ni kitu gani. Huko Bavaria, amri ya mwaka 1553 ilikataza kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa sababu bia ya majira ya joto ilikuwa ikiharibika, na katazo hilo likaipa nafasi hamira iliyoweza kufanya kazi miezi ya baridi. Baadaye, katika miaka ya 1870, mashine za kupoza za Carl von Linde zilianza kutumika katika kiwanda cha Spaten mjini Munich, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akafanikiwa kukuza hamira safi ya laga iliyotokana na chembe moja tu. Hata mji jirani na wangu una sehemu katika habari hii: Anthony Yoerg, Mjerumani aliyeanzisha kiwanda cha kwanza cha bia cha Minnesota mjini St. Paul mwaka 1848, alikuja kuwa maarufu kwa laga iliyokomazwa ndani ya mapango yaliyochimbwa kwenye mawe ya mchanga kando ya mto Mississippi. Pango halina swichi, lakini joto lake halibadilikibadiliki, na hamira hupenda hali hiyo kuliko baridi kali inayokuja na kuondoka.

Jambo ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja, na ambalo mimi ningeliandikia sura nzima, ni kwamba bia inayochachuka hujipasha joto yenyewe. Chukua litri 20 za maji ya kimea yenye kipimo cha 1.048 kwenye haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu (1.000), na ambao hushuka sukari ikiliwa; yatakapomaliza kuchachuka yatasoma 1.010. Ndani ya maji hayo hamira itakula takriban kilo 1.6 za sukari, na kila kilo ikiliwa hutoa joto la karibu kilojuli 590, kwa hiyo jumla inakaribia kilojuli 940. Kupandisha litri 20 za maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 84 tu. Ukigawanya, utaona kwamba kama joto hilo lote lingebaki ndani ya ndoo, bia ingepanda kwa nyuzi 11, yaani kutoka 11 hadi 22, bila mtu kuwasha chochote. Halibaki lote, kwa sababu sehemu kubwa hupotelea hewani kidogo kidogo. Hata hivyo, siku ya pili na ya tatu, hamira inapokuwa imechangamka zaidi, bia katika ndoo ya plastiki iliyosimama kwenye hewa tulivu huwa juu ya hewa hiyo kwa nyuzi tatu au zaidi. Chumba chenye nyuzi 14, ambacho mgeni angekiona kinafaa kwa laga, kwa hakika kinachachusha kwa nyuzi 17.

Ndiyo maana majira ya baridi, kabla sijanunua friza, nilikuwa nikiisimamisha ndoo ndani ya beseni kubwa lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake. Maji huchukua joto kutoka kwenye plastiki kwa haraka kuliko hewa, na wingi wake huzuia mabadiliko ya ghafla. Chupa mbili za maji yaliyoganda, zikibadilishwa asubuhi na jioni, zilitosha kuishikilia bia kwenye nyuzi 11 au 12 siku zote zile za vurugu. Njia hii ni ya bei nafuu, na bado naiheshimu. Upungufu wake ni kwamba inamtaka mtu awepo nyumbani, na haiwezi kuifikisha bia kwenye nyuzi moja juu ya sifuri kwa ajili ya kuikomaza.

Friza ya kifuniko cha juu, ya aina ya kuhifadhia nyama, inayaweza yote hayo ikiunganishwa na kidhibiti joto cha nje. Kidhibiti hicho ni kisanduku kidogo chenye soketi mbili, moja ya friza na nyingine ya kifaa cha kupasha joto, pamoja na waya mrefu wenye kihisi nchani. Unakiwekea namba, nacho huwasha na kuzima umeme wa upande unaohitajika. Kukifunga ni kazi ya dakika chache. Swali ni kihisi kikae wapi, na hapa nimeona tofauti kubwa kuliko ile inayoletwa na bei ya vifaa.

Kihisi kikining'inia hewani ndani ya friza, kidhibiti hutunza joto la hewa kwa uaminifu mkubwa, na bia huenda zake. Siku ya pili hewa ni 11 na bia ni 14, wakati ambapo bia ndiyo ilitakiwa iwe baridi kuliko siku zote. Siku ya saba hamira imepunguza kasi, joto lake limepungua, na bia inateremka pole pole kurudi 11, wakati ambapo ingetakiwa ipande. Kwa maneno mengine, mpangilio unaopatikana ni kinyume kabisa cha ule unaotakiwa, nayo hamira, ikihisi baridi inaongezeka, hujikunja na kuzama kabla haijamaliza kazi. Wengi wanaolalamika kwamba laga yao imekwama kwenye 1.016 huilaumu hamira. Mimi humwuliza kwanza mtu kihisi chake kiko wapi.

Wengine huingiza kihisi katikati ya bia kupitia mrija mwembamba wa chuma cha pua, na kwa kupima hakuna njia iliyo sahihi kuliko hiyo. Kwa kudhibiti, sivyo. Kuta za friza hupoa sana wakati kompresa inafanya kazi, na baridi huchukua muda kufika katikati ya litri 20. Kihisi kinapopata habari kwamba bia imefikia 11 na kuzima umeme, baridi iliyokwisha kuingia kwenye kuta huendelea kuiteremsha bia hadi 10, au hata chini yake. Kisha kifaa cha joto kinawaka kurekebisha, na hivyo viwili hivyo hushindana usiku kucha huku mita ya umeme ikizunguka.

Ninachofanya sasa ni kukibandika kihisi kwa utepe kwenye ubavu wa ndoo, kwenye usawa wa katikati ya bia na chini ya mstari wa povu, kisha kukifunika kwa kipande kinene cha sponji ili kisiihisi hewa. Nikilinganisha na kipimajoto kilichozamishwa katikati, tofauti haizidi nusu nyuzi wakati wa uchachukaji, kwa kuwa viputo vinavyopanda huikoroga bia mfululizo. Kidhibiti nakiruhusu tofauti ya nusu nyuzi juu na chini, na kompresa naipa mapumziko yasiyopungua dakika tano kati ya kuzimwa na kuwashwa tena, maana kuiwasha ikiwa bado na shinikizo ni kuiua mapema. Kwa upande wa kupasha joto, mkanda mwembamba wa umeme unaozungushwa kwenye ndoo unatosha kabisa. Unyevunyevu ndani ya friza ni kero nyingine: maji hujikusanya chini na kuleta kutu na ukungu, kwa hiyo hukausha kwa kitambaa na kuweka kopo la kemikali ya kunyonya unyevu.

Yote hayo, hata hivyo, huja baada ya swali la joto la kuanzia. Maji ya kimea yaliyochemshwa lazima yapozwe kabla ya kutiwa hamira, na mimi hutumia koili ya shaba inayopitisha maji ya bomba. Minneapolis huchota maji yake kutoka mto Mississippi, na hapo majira huamua kila kitu: Februari maji ya bomba ni baridi kiasi cha kuuma vidole, na maji ya kimea huteremka hadi nyuzi 10 nikiwa bado naosha sufuria, Julai mto umepata joto, na koili hainifikishi chini ya nyuzi 25 hata nikisubiri. Wapo wanaotia hamira hapo hapo kwa nyuzi 25 na kuiacha friza iteremshe polepole, wakisema hamira itaanza kwa nguvu. Inaanza kwa nguvu kweli, na katika saa hizo za mwanzo, inapozaliana, ndipo inapotengeneza sehemu kubwa ya vitu vitakavyozaa esta zenye harufu ya ndizi mbivu na vileo vizito vinavyochoma koo, pamoja na kitangulizi cha daiasetili ambacho nitakieleza. Baridi inayokuja baadaye haiviondoi. Majira ya joto mimi huifunga ndoo, huiweka ndani ya friza usiku mzima, na hutia hamira asubuhi bia ikiwa nyuzi 9 au 10, kisha huiacha ipande yenyewe hadi 11. Kusubiri usiku mmoja kunahitaji usafi wa hali ya juu, kwa sababu maji matamu yasiyo na hamira hayana mlinzi. Lakini kwa ndoo iliyotakaswa vizuri sijaona madhara.

Kuanzia kwenye baridi kuna gharama yake, nayo ni hamira nyingi. Kwa litri 20 natumia pakiti mbili za gramu 11.5 za hamira kavu ya SafLager W-34/70, mahali ambapo bia ya joto la kawaida la chumba ingeridhika na moja. Aliyezoea kutumia pakiti moja ataona povu linachelewa siku mbili, naye atashawishika kuongeza joto ili kuharakisha. Afadhali aongeze pakiti.

Siku tatu au nne za mwanzo, basi, ndizo za kushikilia baridi kwa ukali. Baada ya hapo msimamo wangu hulegea makusudi, na hili huwashangaza wanaoamini kwamba laga ni kitu cha baridi mwanzo hadi mwisho. Hamira inapokua hutoa nje ya chembe zake kitu kiitwacho asidi ya alfa-asetolakteti, ambacho hakina harufu wala ladha. Humo ndani ya bia, bila msaada wa hamira, kitu hicho hugeuka polepole kuwa daiasetili, yenye harufu ya siagi, na ulimi hodari huitambua ikifika hata sehemu moja ya kumi ya miligramu katika litri. Hamira iliyo hai huifyonza tena daiasetili hiyo na kuigeuza kuwa vitu visivyonusika. Hatua ya polepole katika mlolongo wote ni ile ya kitangulizi kugeuka, nayo huongezeka kasi kadiri joto linavyopanda. Bia ikibaki nyuzi 10 inaweza kuchukua wiki kadhaa kumaliza. Ikipandishwa hadi 17 au 18 humaliza kwa siku chache, mradi hamira bado haijalala.

Neno la kuzingatia ni hilo la mwisho. Haidromita inapoteremka kutoka 1.048 hadi karibu 1.020, yaani kama robo tatu ya safari, naondoa zuio la baridi na kuiacha bia ipande nyuzi mbili kwa siku hadi 17, mkanda wa joto ukisaidia ikihitajika. Esta mpya hazina nafasi kubwa hapo, kwa kuwa hamira imekwisha kuzaliana na sukari iliyobaki ni kidogo. Ukingoja hadi 1.010, nusu ya hamira imetua chini, na joto utakaloongeza litaharakisha kuzaliwa kwa daiasetili bila kuwapo wa kuifyonza.

Kujua kama kazi imekwisha hakuhitaji maabara. Naichota bia kidogo katika vikombe viwili vilivyofunikwa. Kimoja nakiacha mezani, kingine nakitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20, kisha nakipoza hadi vilingane joto. Vyote vikinuka bia tu, nimemaliza. Kile kilichopashwa kikinuka bisi za siagi na kile cha kwanza hakinuki, kitangulizi bado kimo, na bia ambayo leo inaonekana safi itageuka ndani ya chupa mwezi ujao. Vikinuka vyote viwili, hamira bado ina kazi ya kufanya. Hakuna jaribio jingine la nyumbani ninalolithamini kuliko hili, na nashangaa namna wapishi wengi wanavyolipuuza, huku wakijadiliana usiku kucha juu ya aina za hopsi.

Harufu ya mayai mabovu inayotoka kwenye friza wiki ya kwanza si dalili ya uharibifu. Ni salfa, ambayo hamira ya laga huitoa kwa kawaida, na kabonidayoksaidi huibeba ikitoka. Kinachobaki hupungua wakati wa kukomaza. Nyumbani kwangu tumekubaliana kwamba siku hizo nguo hazianikwi chumba cha chini.

Ukomazaji wenyewe ni rahisi kuueleza: teremsha nyuzi moja au mbili kwa siku hadi ufike kati ya sifuri na mbili, kisha acha wiki nne hadi nane. Hamira na protini hutua, bia inang'aa, na ukali wa ujana unapungua. Tahadhari moja inastahili kutajwa. Bia inapopoa, hewa iliyo juu yake husinyaa na kabonidayoksaidi huyeyuka zaidi ndani ya bia, kwa hiyo ndoo huvuta kutoka nje. Kizibo chenye maji, kile kinachoruhusu gesi ya uchachukaji itoke, kitaruhusu maji yake, na baadaye hewa yenye oksijeni, kuingia ndani, na oksijeni katika hatua hii huipa bia ladha ya karatasi iliyolowa. Nahamishia bia kwenye kegi, yaani pipa la chuma linalofungwa kabisa, iliyokwisha kusafishwa kwa kabonidayoksaidi kabla sijaanza kuiteremsha, na asiye na kegi anaweza kufunga kwenye kizibo mfuko laini uliojaa gesi iliyotoka kwenye uchachukaji huo huo.

Kwa upande wa wale wasio na friza, nina maoni yanayowaudhi wahafidhina. Hamira ya W-34/70 inastahimili joto kuliko sifa ya laga inavyodai: mtengenezaji wake mwenyewe anaiandikia nyuzi 12 hadi 18, na nilipogawa maji yale yale ya kimea katika ndoo mbili, moja ikichachuka kwa 11 na nyingine kwa 18, ile ya 18 ilikuwa na harufu ndogo ya tunda ambayo niliitambua kwa sababu nilikuwa naitafuta. Wanaochachushia ndani ya kegi iliyofungwa, kwa shinikizo la karibu baa moja, huzipunguza esta hata kwenye joto hilo. Hamira nyingine za laga hazina uvumilivu huo, kwa hiyo ushauri huu usihamishwe kwa kila pakiti yenye jina la laga. Mtu anayepikia kwenye chumba cha nyuzi 28, kama vile Dar es Salaam, bado atahitaji beseni la maji na chupa zilizoganda ili abaki karibu na 18, na idadi ya chupa ataijua kwa kipimajoto kilichobandikwa kwenye ndoo, chini ya sponji. Siku nne za mwanzo azibadilishe asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Kuanzia siku ya tano anaweza kuziacha ziyeyuke.